Hataki kula, au hawezi?

Barua ya wiki hii imetoka Leicester, Uingereza, kwa msomaji anayejiita Mama Mlezi. Nimeipunguza kidogo:

"Dada, salamu nyingi. Mwanangu wa kiume ana miaka kumi na moja. Alinisumbua mwaka mzima akitaka paka, mwenye nyumba hataki paka, tukaangukia kwenye geko. Baba yake akamnunulia mchanga kabisa, yule mwenye madoa, na mtoto akampa jina Kachori. Mwezi wa kwanza alikula vizuri. Siku hizi anamtazama nyenje mpaka nyenje anampita puani. Juzi nimeona vidole vinamtetema. Dukani wanasema geko ana tabia ya kugoma, tumwache, njaa itamrudisha. Jirani anasema tumlishe kwa sirinji. Mama mkwe yuko kwetu kutoka Mombasa, anasema mjusi kafiri hafugwi, tumtoe nje. Tena nina mtoto mchanga wa miezi saba, sina nafasi hata ya kufikiri. Mwanangu analia. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, weka hiyo sirinji chini. Na nje usimtoe. Usiku wa Leicester utammaliza kabla hata paka wa jirani hajamwona. Halafu piga simu kwa daktari wa wanyama leo hii. Mengi katika barua yako yanaweza kungoja siku mbili tatu, lakini vidole vinavyotetema haviwezi. Uliza kwanza kama pale yupo anayetibu reptilia, maana kliniki nyingi zimezoea mbwa na paka, na uwaambie yote matatu kwa mpigo: geko mchanga, hali chakula, anatetemeka. Ukishapata miadi rudi tuendelee, ili ujue daktari atakuwa anatafuta nini na nyumbani kwako kuna nini cha kurekebisha.

Aliyewaambia kwamba njaa itamrudisha amesema kweli, ila kwa mnyama mwingine. Geko chui, ndiye huyo wenu mwenye madoa, akiwa mzima na mkia mnene, anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, kwa sababu mafuta yake ameyahifadhi mkiani. Mchanga hana akiba hiyo. Anaanguliwa na gramu tatu hivi, siku chache za mwanzo anamalizia kiini cha yai kilichobaki tumboni, anajivua gamba la kwanza, na kuanzia hapo anakula kila siku kwa kuwa kila siku anajenga mifupa. Huyo akikaa wiki bila kula, msimwite mgomaji.

Zipo sababu nyepesi, tuzipitie haraka. Geko aliyehamishiwa nyumba mpya hususia chakula siku kadhaa. Anayekaribia kujivua gamba hupauka ngozi na kukosa hamu siku moja mbili, kisha hulila gamba lake mwenyewe na kurudi kazini. Nyenje mkubwa kupita nafasi iliyo kati ya macho yake mawili humtisha, na nyenje kumi wakimwagwa kwa pamoja humtisha zaidi. Wakiachwa usiku kucha humng'ata. Na kama mmeweka geko wawili katika kizimba kimoja, mmoja anakula na mwingine anaogopa, watenganishe. Kachori yuko peke yake na alishazoea nyumba, kwa hiyo kwako hizi naziweka pembeni.

Twende kwenye joto, ambako watu wengi hukwama bila kujijua. Geko hatengenezi joto mwilini kama sisi. Kwao ni nchi kavu za mawe, Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi ya India. Jua likizama hutoka pangoni akalaza tumbo juu ya jiwe lililokuwa likiota jua mchana kutwa, na joto hilo la tumboni ndilo linalosaga chakula. Likikosekana, nyenje aliyemezwa hukaa tu, anaweza hata kuozea tumboni au kutapikwa, na mwili hujifunza kukataa kingine. Najua bili za gesi za huko, na najua nyumba nyingi zinawekwa nyuzi 18 watu wakavaa sweta. Geko hana sweta. Upande mmoja wa kizimba, pale anapolala, uso wa sakafu uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, na upande wa pili uwe 24 hadi 26 ili achague mwenyewe.

Usipime kwa kile kipimajoto cha duara kinachobandikwa kwenye kioo. Kile kinakuambia habari za kioo. Nunua chenye waya, kichwa cha waya ukilaze hasa pale linapolala tumbo. Na mkeka wa umeme wa kupasha joto usiuwashe bila themostati, tafadhali sana. Mikeka hiyo huchoma tumbo la mnyama polepole na yeye hana akili ya kuhama.

Sasa kalsiamu. Hapa nitakaa kitako, kwa sababu vidole vya Kachori nadhani vinatokana na hapa.

Wadudu hawana mifupa. Gamba la nyenje ni gumu, lakini ugumu wake hautokani na chokaa. Mwili wa geko unataka chakula ambacho kalsiamu yake inaizidi fosforasi, kama mara moja na nusu hadi mara mbili. Nyenje na funza wa unga wamekaa kinyume kabisa: fosforasi ndiyo inayoizidi kalsiamu, tena mara kadhaa. Mtoto anaweza kula ashibe, anenepe, na bado kila mlo ukamwacha na upungufu.

Damu nayo haina subira. Lazima iwe na kalsiamu ya kutosha saa zote, la sivyo misuli haikazi wala kulegea inavyotakiwa, na neva huanza kurusha ishara ovyo. Huo ndio mtetemo uliouona. Chakula kisipoileta, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni ya kuichukua kwenye mifupa. Kidogo leo, kidogo kesho. Kwa nje mnyama anaonekana mzima wiki nyingi, huku ndani anakula mifupa yake mwenyewe.

Taya huonyesha mapema. Mfupa wake unalainika mpaka unapinda kama mpira (usijaribu kuubonyeza, mwachie daktari). Hebu mfikirie mnyama wa namna hiyo mbele ya nyenje. Anamtaka, macho yanamfuata, kichwa kinageuka. Amekwisha kujaribu akamkosa kwa kuwa miguu haikumfikisha, au alimpata na kutafuna kukamuuma. Anaacha. Akiacha, hata ile kalsiamu kidogo iliyokuwa ikiingia inakatika, mifupa inatoa zaidi, taya linalegea zaidi. Ndiyo maana mtu anayesubiri njaa ifanye kazi anaweza kusubiri mpaka mazishi. Barua yako inasema Kachori anamtazama nyenje mpaka anampita puani. Asiyetaka kula hugeuka akaenda zake. Huyu anatazama.

Usiku wa leo, taa za chumba zikiwa hafifu, kaa na mwanao mumwangalie anavyotembea. Je, tumbo linainuka kutoka chini au analiburura? Viganja vya mbele vimenyooka au vimepinda kwa ndani? Kuna mguu uliovimba bila jeraha? Mgongo au mkia una kona usiyoikumbuka? Anapata choo? Andikeni mlichokiona, na mchukue video fupi ya ule mtetemo, maana ukifika kwa daktari hautakuja kwa kuitwa.

Kuna kipande kingine cha jambo hili ambacho wewe, mama wa mtoto wa miezi saba huko Uingereza, unakijua tayari. Huko hushauriwa mtoto anayenyonya apewe vitamini D kila siku, maikrogramu 8.5 hadi 10, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaambiwa tuifikirie mwaka mzima, kwa sababu jua la huko halitutoshi. Bila vitamini D, kalsiamu inapita tumboni na kutoka, na mtoto anapata matege. Kwa Kachori ni vilevile. Anahitaji vitamini D3, na ataipata kwa njia mbili: mionzi ya UVB inayogonga ngozi yake, au unga unaonyunyiziwa chakula chake.

Dirishani hataipata. Kioo cha dirisha kinazuia karibu UVB yote, na kizimba cha kioo kilichowekwa juani kinaweza kumpika. Iko taa maalumu ya UVB, na kwa geko chui chukua ile ya nguvu ndogo, kwa kuwa yeye ni mnyama wa machweo, anachopata kwao ni kuchungulia jua akiwa mlangoni pa pango. Mpe na mahali pa kujificha isimfikie. Halafu andika tarehe uliyoiwasha. Taa hizo hudhoofika kati ya miezi sita na kumi na miwili huku mwanga wa macho ukiendelea kama kawaida, na mtu anakaa miaka akidhani mnyama wake anaota jua.

Mama mkwe atakuuliza, na ana haki ya kuuliza, mbona mijusi ya Mombasa ukutani hainyunyiziwi unga na mifupa yao mizima. Ile inakula kila kinachokuja kwenye taa ya barazani, mbu, nondo, buibui, kumbikumbi mvua ikinyesha, na kila mdudu naye amekula mmea wake. Asubuhi inachungulia jua kutoka kwenye ufa. Tazama siku moja jike la mjusi wa ukutani mwenye kukaribia kutaga: unaweza kumwona vivimbe viwili vyeupe shingoni, ni mifuko ya chokaa, akiba ya maganda ya mayai. Kachori amewekwa kwenye sanduku na mdudu wa aina moja, aliyelelewa kwenye boksi, akala makapi. Tukishamfungia mnyama, kazi iliyokuwa ikifanywa na jua na kumbikumbi inakuwa yetu.

Nikiwa hapo, neno moja kwa yule kijana wa Morogoro aliyeniuliza kama kuna fedha katika kuwakamata wale mijusi wa buluu wa msitu wa Kimboza na kuwauzia Wazungu. Hapana, mdogo wangu. Mjusi yule anaishi kwenye mikadi ya Kimboza na vimisitu vichache vya jirani chini ya Uluguru, hana kwingine duniani, na tangu 2017 yumo kwenye orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, yaani biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini imefungwa. Mwache kwenye mkadi wake.

Turudi Leicester. Unga wa kalsiamu uko wa aina mbili, na watu huzichanganya. Mmoja ni kalsiamu tupu, bila fosforasi na bila D3. Mwingine una D3 ndani. Kwa geko mchanga, kalsiamu tupu inyunyizwe karibu kila mlo, na kifuniko cha chupa chenye unga huo huo kiachwe kizimbani alambe akipenda. Ule wenye D3, kama hamna taa ya UVB, mara mbili tatu kwa wiki. Kama taa ipo, punguza, na kipimo akuthibitishie daktari. Vitamini za jumla mara moja kwa wiki zinatosha. Usiseme kwa kuwa amepungukiwa basi nimpe D3 kwa kijiko. D3 ikizidi, kalsiamu inajaa kwenye damu na kuganda pasipo pake, kwenye figo na mishipa, na hapo hakuna wa kuitoa.

Kunyunyiza ni hivi: nyenje watatu wanne kwenye kifuko cha plastiki, unga kidogo, tikisa mpaka wapauke, wape papo hapo. Ukiwaacha wazurure, watajisafisha na unga wote utabaki sakafuni. Na nyenje wenyewe walishe siku moja au mbili kabla. Hapa jiko letu lina faida: sukuma wiki ndiyo hasa, kalsiamu yake ni nyingi na inafyonzwa vizuri. Karoti kidogo sawa. Mchicha na spinachi tuachie sisi watu, maana zina oksalati inayoishika kalsiamu isitumike.

Badilisha wadudu pia. Leo nyenje, kesho kutwa mende wadogo wa kufugwa wanaouzwa hukohuko dukani, siku nyingine wale funza wa inzi mweusi wanaolishwa kuku kwetu siku hizi. Hao ndio pekee katika kundi zima walio na kalsiamu ya maana kwa asili yao. Funza wa nta watakushawishi, kwa sababu geko aliyegoma huwapokea kwa furaha, lakini ni mafuta matupu, na akizoea atawakataa wengine. Mmoja mmoja, kama kishawishi.

Kuhusu sirinji ya jirani. Taya likiwa laini, kulifungua kwa nguvu kunaweza kulivunja, na kimiminika kikikosea njia kinaingia mapafuni. Iko siku daktari mwenyewe atakuonyesha jinsi ya kumpaka chakula laini puani ajilambe. Akikuonyesha, fanya. Mpaka hapo mpe maji safi na joto sahihi, na umsogezee kwa kibanio mdudu mdogo, mlaini, kwa mfano funza wa unga aliyetoka kujivua gamba, akiwa bado mweupe.

Na kama sakafu ya kizimba ni mchanga, utoe leo, weka karatasi za jikoni. Mnyama aliyepungukiwa na madini hulamba mchanga akitafuta asichokipata, ukaziba utumbo. Mchanga unaouzwa kwa jina la kalsiamu unanikera kuliko wote. Umeandikwa pakitini kwamba hata akiula ni faida kwake, nao hugandamana tumboni kama mwingine wowote. Mtu aliyefikiria kuuza kitu kile kwa watoto wa geko angeniandikia barua ningemjibu kwa herufi kubwa.

Siku ya daktari, mweke kwenye kikopo chenye matundu na taulo, pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa isimguse. Beba choo chake cha karibuni kwenye kifuko, picha ya kizimba, na pakiti za unga mnaotumia. Daktari atamgusa taya, huenda akapiga eksirei kuona mifupa imebaki kiasi gani, na kama mtetemo ni mkali atampa kalsiamu yeye mwenyewe kwa sindano, halafu ya maji mumpe nyumbani kwa wiki kadhaa. Ya nyumbani iwe ile tu atakayoandika. Dawa ya kalsiamu ya binadamu usimpe kwa kukisia. Choo kitaangaliwa minyoo na kijidudu kiitwacho kriptosporidia, kinachokondesha mkia ukabaki kama kijiti. Hicho ni kesi nyingine, na habari zake si nzuri.

Mweleze mwanao ukweli. Mifupa ikipata kalsiamu itakuwa migumu tena, lakini uliokwisha kupinda utabaki umepinda. Geko wenye miguu ya matege huishi miaka, wanakula, wanakwenda, pengine mnawawekea tu ngazi za chini. Geko chui hufika miaka kumi na tano na zaidi, kwa hiyo Kachori anaweza kumwona huyo kijana akiingia chuo. Na jambo moja la sheria, baba yao alisikie pia: Uingereza, tangu sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006, mnyama hauzwi kwa mtoto wa chini ya miaka 16. Mwenye Kachori mbele ya sheria ni ninyi wazazi. Mtoto asibebeshwe lawama ya unga ambao hakuna aliyemwambia aununue.

Kwa huyo wa miezi saba, hapo sina mzaha. Reptilia hubeba salmonela hata wakiwa wazima, na wataalamu wa afya hushauri watoto chini ya miaka mitano wasiwaguse. Kizimba kikae chumbani kwa kaka mtu, vyombo vyake visioshwe kwenye sinki la jikoni, na kila aliyemshika ageukie sabuni kabla ya kugeukia mtoto.

Kwa mama mkwe, nenda kwa adabu. Hadithi ya mjusi aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim inajulikana pwani nzima, hakuitunga yeye, na mambo ya fatwa waulizeni masheikh, mimi nimeishia kwenye nyenje. Lakini mwite aje amtazame kwa karibu. Kachori hapandi ukuta, vidole vyake havinati. Ana kope, anapepesa macho kama mtu, jambo ambalo mjusi wa ukutani hawezi. Bibi akiwa na dakika tano za kukaa na mjukuu wake anayelia, huenda maneno ya kumtoa nje yakapungua yenyewe. Yasipopungua, yeye ni mgeni na chumba kina mlango.

Leo jioni mpime Kachori kwa mizani ya dijitali inayosoma gramu. Nunua ndogo iwe yake, ile ya unga wa maandazi usiiguse. Mwanao aandike tarehe na uzito kwenye daftari, na kila Jumapili arudie. Daktari atauliza anapungua kwa kasi gani, na "naona kama amekonda" haimsaidii. Ukitoka huko niandikie eksirei ilisema nini, na ile gramu ya kwanza ilikuwa ngapi.